Siku Nilipozima Ulinzi wa Matanuru

Mwezi uliopita kijana mmoja mhandisi alinitembelea hapa kwangu Mbeya. Akaniwekea mezani kibao cha kompyuta kidogo kama kiberiti, akaniambia kinaendesha pampu za umwagiliaji huko Usangu. Nilikishika kwa furaha, nikakigeuzageuza kama bibi aliyeletewa mjukuu. Nikamuuliza ulinzi wa kumbukumbu ameupanga vipi. Akanijibu bila hata kupepesa macho kwamba ameuzima, maana ulikuwa unaisumbua programu yake. Nilimsindikiza mpaka getini kwa adabu zote, halafu nikarudi ndani nikachukua kalamu kwa hasira.

Basi haya nayaandika kwa ajili yake na nyinyi wenzake. Msiponisoma kwa heshima, nisomeni kwa udaku, kwa sababu nitasema kosa ambalo kwa miaka mingi nililisema kwa watu wachache tu.

Mimi naitwa Tusekile, mzaliwa wa Tukuyu, na kazi yangu ya maisha ilikuwa kuhudumia kompyuta ambazo hakuna aliyeziita kompyuta. Ya kwanza nilikutana nayo mwishoni mwa miaka ya sabini, kwenye kiwanda kimoja cha mbao upande wa Mafinga, wilayani Mufindi. Miaka ile Serikali haikupenda kompyuta ziingie nchini, na ukilitaja neno hilo ofisini watu walikuangalia kama umetaja magendo. Ya kwetu iliingia kwa sababu kwenye karatasi zake iliandikwa kuwa ni kifaa cha kuendeshea matanuru ya kukaushia mbao. Wala haukuwa uongo. Haikupiga hesabu za mishahara, haikuandika barua, ilikaa ndani ya kazi na kuifanya kazi hiyo moja tu.

Ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Usoni ilikuwa na safu za taa ndogo na swichi, na pembeni mashine ya kuchapa iliyopiga kelele kuliko cherehani kumi. Kumbukumbu yake ilikuwa vipete vya sumaku vidogo kuliko punje ya ulezi, vimetungwa kwenye nyaya kama shanga, na vyote kwa pamoja visingetosha kubeba picha moja ya simu zenu. Niliipenda siku ile ile. Nilipoziona zile taa zikikimbizana nilisahau baridi, nikasahau njaa, nikasahau kwamba nilikuwa hata sijaonyeshwa nyumba ya kulala.

Matanuru yalikuwa sita, majengo ya zege marefu, yamepangwa bega kwa bega. Mbao za paini zikishapasuliwa ziliingizwa humo juu ya vitoroli vya reli, feni kubwa zikapuliza, mvuke wa boila ukapasha joto. Ukikausha haraka mbao zinapasuka, ukikausha polepole zinaota ukungu wa bluu na mteja anazikataa. Kila tanuru lilikuwa na programu yake, sisi tukiiita mapishi, na mapishi yote sita yalikaa katika kumbukumbu moja pamoja na programu kubwa iliyoyasimamia. Hiyo kubwa nyinyi leo mnaiita kiini. Sisi tulimwita Msimamizi.

Aliyenifundisha mashine alikuwa mtaalamu wa kigeni, Bwana Arne, mtu mpole aliyekula ugali kwa uma. Alinieleza kwamba kumbukumbu ni kama mtaa, kila kijumba kina namba yake. Vijumba vya namba za chini ni vya Msimamizi, vya namba za juu ni vya mapishi. Na katikati kuna uzio. Uzio wenyewe haukuwa programu. Ulikuwa kadi ya umeme, ukubwa wa daftari, iliyochomekwa ndani ya kabati, na ndani yake imewekwa namba moja tu ya mpaka. Kila mara programu ya tanuru ilipotaka kuandika kitu, kadi ililinganisha namba ya kijumba na namba ya mpaka kabla ya kuruhusu. Kama kijumba kiko chini ya mpaka, kadi inakataa papo hapo, taa nyekundu inawaka, Msimamizi anaamshwa, naye anaiua ile programu, anazima feni za tanuru lake, na kuchapa namba ya kijumba alichotaka kukivamia.

Mimi sikuamini. Nilimwambia Bwana Arne hakuna kitu kinachoweza kukamata agizo katikati ya safari. Akacheka, akaniambia niandike programu ya kuharibu, kwa makusudi. Nikaandika maagizo matatu ya kumfuta Msimamizi, nikabonyeza swichi ya kuanza, na pale pale, taa nyekundu. Nikajaribu tena kwa kijumba kingine. Nyekundu. Nikajaribu mara kumi na mbili, kila mara nikibuni njia ya kuzunguka, kila mara nakataliwa, na kila nikikataliwa nazidi kufurahi. Nilirukaruka mle chumbani nikipiga vigelegele, mpaka Mzee Kalolo akaja mbio na kipande cha mbao kikavu akidhani nimenaswa na umeme.

Mzee Kalolo ndiye alikuwa mkuu wa matanuru. Alikuwa Mhehe wa upande wa Iringa, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mbao alizijua kwa kuzigonga. Alinifundisha kugonga ubao kwa fundo la kidole na kusikia kama bado una maji, kitu ambacho mpaka leo nakifanya kwenye milango ya watu bila kujijua. Mimi nilimfundisha kusoma taa. Alinitania kwamba Wanyakyusa tumezoea mvua mpaka hatujui kukausha chochote, nami nikamjibu kwamba Wahehe wanajua kukausha nyama tu. Asubuhi alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu," kisha akauliza mashine imeamkaje, kama anavyouliza mtu habari za mgonjwa wa nyumbani.

Nisiwachoshe na sifa zake. Niwape kwanza jambo moja la kazi, kwa sababu linahusu jinsi nilivyopotea. Programu zetu ziliingia kwenye mashine kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Sasa fikirini utepe wa matundu ndani ya kiwanda ambacho hewa yake yote ni unga wa mbao. Chembe moja ikiziba tundu moja, namba inabadilika, na tanuru linapika kwa kiwango cha ajabu. Wiki nzima tulisaka kosa la namna hiyo mpaka nikagundua dawa, unyoya wa kuku. Unaupitisha utepe polepole juu ya unyoya kabla ya kuusomesha, matundu yanasafika. Bwana Arne aliuandika unyoya katika orodha ya vipuri.

Kwa sababu ya ushindi huo nikaanza kujiona mganga wa mashine. Kila ugonjwa niliutafutia sababu kwenye hewa. Vumbi, unyevu, baridi ya Mufindi. Ndipo likaja tatizo la tanuru la tatu.

Mapishi ya tanuru la tatu niliyaandika mwenyewe. Yalikusanya vipimo vya joto na unyevu na kuvipanga kwenye jedwali, kijumba baada ya kijumba. Niliamua jedwali lianzie juu na kushuka kuelekea namba za chini, kwa sababu mashine ile ilikuwa na njia fupi ya kuhesabu kushuka na nikaokoa maagizo mawili. Mawili tu, vijana, nami nilitembea kifua mbele siku nzima. Kwa mbao nyembamba jedwali halikujaa hata nusu. Lakini tulipoanza kukausha mbao nene, kazi ikachukua siku nyingi zaidi, vipimo vikaongezeka, jedwali likashuka, likashuka, mpaka likaugusa uzio.

Taa nyekundu ikawaka, tanuru la tatu likasimama. Nikaanza upya, likaenda vizuri siku kadhaa, halafu nyekundu tena. Ilitokea mara nne, na zote nne zilikuwa asubuhi yenye ukungu mzito. Basi mganga akapata jibu, ile kadi ya ulinzi haipendi baridi. Niliichomoa, nikaifuta, nikaikumbatisha chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, nikairudisha. Mashine ikawaka upya, jedwali likaanza upya toka juu, tanuru likaenda. Nikasema mnaona, imepona. Kila mara mashine ilichapa namba ya kijumba kilichovamiwa, namba ile ile, nami kila mara nilichana karatasi ile nikaitumia kuwashia jiko.

Bwana Arne alikuwa likizoni kwao. Meneja alikuwa ananipigia kelele kwamba mbao nene zinaharibika kila tanuru linaposimama. Usoni mwa kabati kulikuwa na ufunguo wenye pande mbili, upande mmoja ulinzi unafanya kazi, upande wa pili umeachiwa, na Bwana Arne aliniachia ufunguo huo akaniambia ni wa kujaribia mashine tu, feni zikiwa zimekatwa umeme. Nikaugeuza. Taa nyekundu haikuwaka tena, tanuru la tatu likamaliza shehena yake nene bila kusimama hata mara moja, na meneja akanishika mkono mbele ya watu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kulikuwa na hatari moja kwenye yale matanuru, nayo ilikuwa mtu kuwa ndani. Wafanyakazi waliingia kupima mbao na kurekebisha waya za vipimo. Kwa kanuni mlango mdogo wa kuingilia ulitakiwa uachwe wazi, lakini Julai ya Mufindi haina kanuni, upepo unakata masikio, na kila aliyeingia aliomba mwenzake amfungie. Komeo lilikuwa nje tu. Kwa hiyo kando ya kila mlango palikuwa na kitufe. Unakibonyeza kabla ya kuingia, taa ya njano inawaka, na Msimamizi anaandika namba moja kwenye kijumba cha tanuru hilo, maana yake mtu yumo. Ikiwa moja imeandikwa pale, feni hazianzi na mvuke haufunguki, hata uombe vipi. Ukitoka unabonyeza tena, namba inarudi kuwa sifuri. Vijumba hivyo sita vilikuwa chini kidogo ya uzio, mahali salama kuliko pote. Hapakuwa na shahidi mwingine isipokuwa hivyo vipete vya sumaku.

Asubuhi hiyo tanuru la tano lilikuwa limejazwa mbao, mapishi yake yakisubiri tu mtu atoke ili yaanze. Tanuru la tatu lilikuwa siku ya mwisho ya shehena nene nyingine. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nikinywa uji, na mashine ya kuchapa ikaanza kupiga kelele: TANURU 5 LIMEANZA. Nikasikia feni zinaunguruma. Nilifurahi. Nakwambieni ukweli, nilipiga makofi peke yangu, kwamba leo Mzee Kalolo amewahi kumaliza vipimo vyake.

Nikatoka kwenda kumsalimu. Sisi wa matanuru tulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Nje unatetemeka, ndani kuna joto la shehena iliyotangulia, kwa hiyo kila anayeingia anavua koti na kulitundika kwenye msumari karibu na mlango, na akitoka kitu cha kwanza ni kulivaa kabla upepo haujamkuta na jasho. Hakuna mtu aliyetembea Mufindi asubuhi bila koti. Taa ya njano ya tanuru la tano ilikuwa imezimika, feni zinavuma, na kwenye msumari lilining'inia koti la kijeshi la Mzee Kalolo.

Sikurudi kwenye mashine, sikuita mtu. Nililivuta lile komeo kwa mikono yote miwili, mlango ukafunguka, mvuke ukanipiga usoni, na Mzee Kalolo akaanguka nje kwa magoti. Alikuwa amegonga mlango mpaka vidole vikachubuka, na feni zilikuwa zimemeza sauti yote. Mkono wa kushoto na sikio viliungua. Alikohoa muda mrefu, kisha akaniomba koti lake.

Walimpeleka zahanati na lori la mbao. Mimi nikarudi kwenye kabati nikaanza kusoma kumbukumbu kwa swichi, kijumba kimoja kimoja, nikiandika kwa penseli. Chini ya uzio, mahali pasipotakiwa kuwa na kitu chochote cha mapishi, nikakuta joto la tanuru la tatu. Kijumba kinachofuata, unyevu wa tanuru la tatu. Na kwenye kijumba cha mtu wa tanuru la tano kulikuwa na sifuri, kutoka kwenye kipimo kimoja cha tanuru la tatu ambacho waya wake ulikuwa umekatika na kikawa kinaleta sifuri tupu. Mzee alibonyeza kitufe. Mashine iliandika moja. Jedwali langu likashuka, likapita pale, likamfuta.

Mchana tukaitwa kwa meneja. Mzee Kalolo alikuwa amerudi na bandeji. Meneja alikuwa na karatasi ya mashine ya kuchapa mkononi, akatusomea kwamba kwa mujibu wa mashine tanuru la tano halikuwa na mtu. Akasema mashine haisahau, watu ndio wanaosahau, na kwamba kwa usalama wake mwenyewe mzee aondolewe kwenye matanuru, akafagie unga wa mbao kwenye misumeno mpaka atakapostaafu. Alilisema kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi.

Mzee Kalolo aliiangalia bandeji yake. "Mimi nakumbuka nilibonyeza," akasema. "Ile taa ikawaka, nikaiona. Lakini kama mashine ya Tuse inasema hapana, basi labda ndiyo uzee wenyewe umefika."

Mtu aliyesikia maji ndani ya ubao kwa kidole alikuwa anaanza kutilia shaka akili yake kwa sababu yangu. Nilikuwa fundi mwanamke peke yangu kiwandani pale, barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa bado haijasainiwa, na hapakuwa na mtu mwingine nchi nzima, nadhani, ambaye angeweza kuisoma ile karatasi yangu ya penseli. Kama ningenyamaza, ingebaki hivyo milele. Niliogopa sana. Naona aibu kusema kwamba nilifikiria kunyamaza, lakini nilifikiria, kwa muda wa kutosha kuhesabu vigae vya dari ya meneja.

"Mzee alibonyeza," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfuta."

Nikaeleza yote, ufunguo, jedwali, chupa ya maji ya moto. Meneja aliniuliza maswali mengi na sauti yake ikapanda. Mzee Kalolo aliuliza mawili tu. La kwanza, kwa hiyo kosa la tanuru la tatu liliingia mpaka tanuru la tano? Nikamwambia ndiyo, kwenye kumbukumbu hakuna kuta za zege, kuna ule uzio tu. La pili, na ile taa nyekundu ilikuwa inakuambia hivyo siku zote? Nikamwambia ndiyo. Akainuka akaondoka bila kuniaga.

Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Ufunguo nikaurudisha upande wa ulinzi. Lakini wanaume wa matanuru wakagoma kuingia. Hawakupiga kelele, walisimama tu nje na makoti yao, na hakuna aliyewalaumu. Vitoroli vikajipanga vimejaa mbao mbichi. Mimi nilikaa na mashine, na hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo nimeyafanya mpaka nikastaafu. Nilichora ramani ya kumbukumbu yote kwenye karatasi kubwa, nani anakaa wapi, nikaibandika ukutani ambako hata mfagiaji aliiona. Vijumba vyote vitupu nikavijaza agizo la kusimama, ili programu ikipotea njia isimame badala ya kutangatanga. Na taa nyekundu ikiwaka, siku hizi mnasema hitilafu, mimi nasoma kwanza namba ya kijumba kabla sijagusa kitu kingine chochote. Ulinzi ukikataa programu yako, anza na kuishuku programu.

Siku ya tatu Mzee Kalolo akaja mlangoni. Hatukusalimiana kwa Kihehe. Aliniuliza kama nimeshalirekebisha lile jedwali. Nikamwambia nimeandika jipya, liko tayari kwenye utepe.

"Usiweke jipya," akasema. "Weka lile baya. Nataka kuona hii kadi yako inakataa."

Nikamweleza kwamba inawezekana. Ningelianzishia jedwali karibu na uzio, likauguse baada ya dakika chache badala ya siku. Tanuru la tatu lingeendeshwa na mapishi yale mabaya, na tanuru la tano lingesubiri, kitufe kimebonyezwa, kama siku ile. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia tutaweka gunia la unga wa mbao ndani badala ya mtu.

"Gunia halina mama Tukuyu," akasema. "Utaingia wewe. Mimi nitabonyeza."

Wanaume wote walikuwa wamesogea kusikiliza. Nilitaka kucheka, nikaona hacheki. Nikaingiza utepe mbaya, nikaupitisha kwanza kwenye unyoya, maana hata kama ni kufa nilitaka nife kisafi. Nikaanzisha tanuru la tatu, nikatoa ufunguo kwenye kabati ukiwa upande wa ulinzi, nikampa. Akauweka mfukoni. Akabonyeza kitufe cha tanuru la tano, taa ya njano ikawaka, nami nikainama nikaingia. Mlango ukafungwa nyuma yangu na komeo likashuka.

Kulikuwa na giza na harufu ya utomvu wa paini. Ukuta wa upande wa pili ulileta mvumo wa feni, nami nikajua ni wa tanuru la tatu, maana la nne lilikuwa tupu. Nilisimama katikati ya mbao nikaanza kuifuata programu kichwani. Sasa anasoma joto. Sasa anaandika. Sasa anashuka kijumba kimoja. Niliwaza pini za ile kadi niliyoichomoa na kuichomeka mara nne kwa mikono yenye maji. Je, zote zinashika? Lakini mbele ya Mungu nawaambieni, ndani ya hofu ile kulikuwa na raha. Nilikuwa nimesimama ndani ya kijumba cha kumbukumbu. Nilikuwa ile namba moja.

Feni zilizokuwa juu ya kichwa changu zikabaki kimya. Nikangoja. Halafu upande wa pili wa ukuta mvumo ukaanza kushuka, ukashuka, ukawa kama mtu anayeshusha pumzi, ukaisha. Msimamizi alikuwa ameiua programu yangu. Feni za tanuru la tatu zimezimwa, na mimi wa tanuru la tano niko salama salimini, sina hata jasho. Nikapiga vigelegele mle gizani mpaka koo likakauka.

Komeo likainuka. Nilitoka nacheka na machozi yananitiririka, na wanaume wa matanuru wakanitazama kama mwehu.

"Taa nyekundu imewaka," Mzee Kalolo akaniambia.

"Najua, mzee. Nimesikia."

Mzee akachukua penseli na daftari la vipimo kutoka kwa mwenzake, akakumbusha kwamba zile mbao za tanuru la tano hakuwahi kuzimaliza. Akahakikisha taa ya njano bado inawaka. Akainama, akaingia, na kutoka ndani nikasikia sauti yake ya chini.

"Kamwene, mwanangu. Nifungie mlango, baridi inaingia."

Nikamfungia, nikashusha komeo kwa mkono wangu mwenyewe.